Faili moja au saraka nzima? Ulinganisho wa mipangilio ya kuwashia mashine na mtandao

Mashine ikiwashwa, kuna kazi mbili zinazofanyika kabla mtu hajaweza kuingia: huduma zinaanzishwa kwa zamu, na kadi za mtandao zinapewa anwani. Mifumo endeshi ya ukoo wa Unix yote inafanya kazi hizo, ila maagizo yake yanakaa mahali tofauti. Mmoja umeyakusanya kwenye faili moja, mwingine umeyatawanya kwenye saraka kadhaa. Wanaochagua mfumo wa seva mpya, au wanaotaka kupanga upya seva walizorithi, aghalabu huuliza upi unawaka haraka. Kwangu kasi ni jambo la mwisho. Seva nyingi huwashwa upya kwa nadra, lakini faili zake hufunguliwa kila mtu anapohangaika kujua kwa nini kitu fulani kimegoma.

Kwa hiyo humu nitapima kwa njia nyingine. Mtu ambaye hakuijenga mashine akikaa mbele yake, itamchukua muda gani kujua anwani imeandikwa wapi na nani aliyeiandika? Na akikosea herufi moja anapoibadilisha, kitatokea nini?

FreeBSD: kila kitu kwenye rc.conf

FreeBSD ni mmoja wa mifumo hiyo ya ukoo wa Unix. Hapa jibu la "imeandikwa wapi" ni fupi: `/etc/rc.conf`. Jina la mashine, anwani, lango (mashine ya kutokea nje ya mtandao) na orodha ya huduma za kuwasha, vyote vimo humo.

```
hostname="seva1.example.org"
ifconfig_em0="inet 192.0.2.10 netmask 255.255.255.0"
defaultrouter="192.0.2.1"
sshd_enable="YES"
ntpd_enable="YES"
```

Mistari mitano tu, na mgeni ameshajua mashine hii ni ya nani na inafanya nini. Nyuma yake kuna `/etc/defaults/rc.conf`, faili ndefu yenye thamani za awali za kila kigezo na maelezo yake. Hiyo haiguswi. Mfumo unaisoma kwanza, kisha unasoma yako, na ulichoandika wewe ndicho kinachoshika. Siku ya kusasisha mfumo, ile ya `defaults` inabadilishwa, yako inabaki kama ilivyo. Kutenganisha kilichokuja na mfumo na ulichoandika mwenyewe ndilo jambo zito kuliko mengine yote katika ulinganisho huu. Mfumo usiolitenganisha utakusumbua kila mwezi wa masasisho.

Skripti zenyewe ziko `/etc/rc.d` kwa huduma za mfumo, na `/usr/local/etc/rc.d` kwa programu ulizoongeza. Utaratibu huo ulianzia kwenye mfumo ndugu, NetBSD 1.5, mwaka 2000, na FreeBSD ikauchukua kwenye toleo la 5.0 mwaka 2003. Kila skripti ina mistari ya maoni juu yake, `PROVIDE`, `REQUIRE` na `BEFORE`, inayosema inatoa nini na inamsubiri nani. Programu ndogo iitwayo `rcorder` inaisoma mistari hiyo na kupanga foleni. Huna namba za kukariri. Ukitaka kuiona foleni yenyewe, iite `rcorder` kwa mkono na uipe skripti zote, itakuandikia majina kwa mpangilio.

Udhaifu wake uko kwenye maumbile ya faili: `rc.conf` inasomwa na sheli kama skripti nyingine yoyote. Ukisahau kufunga alama moja ya nukuu, sheli inaendelea kumeza mistari inayofuata ikiitafuta, inafika mwisho wa faili mikono mitupu, na uwashaji unakatika. Mashine inaishia kwenye hali ya mtumiaji mmoja, diski ikiwa ya kusoma tu. Kuitengeneza si kazi kubwa kwa aliye mbele ya skrini: `mount -u /`, fungua kihariri, funga nukuu, washa upya. Kwa seva iliyo mbali na haina konsoli (njia ya kuifikia skrini na kibodi yake), hiyo ni safari. Ndiyo sababu ni afadhali kuzoea `sysrc`, amri inayoandika ndani ya faili kwa niaba yako na haisahau nukuu:

```
sysrc ntpd_enable="YES"
```

Kero ya pili huja mashine zikiwa nyingi. Zana za kusimamia seva kwa wingi hupenda kuandika faili nzima, si mstari mmoja ndani ya faili ya watu wengine. Zana mbili zikiishika `rc.conf` moja, kila moja inafuta ya mwenzake. FreeBSD imeacha mlango wa `/etc/rc.conf.d/`, ambako kila huduma inaweza kuwa na faili yake, lakini ukiutumia sana utakuwa umeipoteza ile sifa ya kusoma kila kitu kwa mkupuo mmoja.

OpenBSD: kadi moja, faili moja

OpenBSD imegawanya zaidi kidogo, na kwa upande wa mtandao naona imewazidi wote kwa uwazi. Kadi ya `em0` ina faili `/etc/hostname.em0`, na ndani yake mstari huu unatosha:

```
inet 192.0.2.10 255.255.255.0
```

Lango limeandikwa `/etc/mygate`, jina la mashine `/etc/myname`. Andika `ls /etc/hostname.*` na ramani nzima ya kadi, VLAN (mitandao iliyogawanywa ndani ya mmoja) na madaraja iko mbele yako. Mstari ukianza na alama ya `!`, kinachofuata ni amri ya kuendeshwa kadi hiyo inapowashwa, kwa hiyo njia ya ziada au kanuni maalumu inakaa pamoja na kadi yake badala ya kufichwa kwenye skripti ya mbali. Umebadilisha faili? `sh /etc/netstart em0` inaisoma kadi hiyo pekee, nyingine zinaendelea na kazi.

Kwa huduma, `rc.conf` ni ya mfumo na huigusi; yako ni `rc.conf.local`, na amri ya `rcctl` ndiyo inayoiandikia. Ni mgawanyo uleule wa FreeBSD kwa majina mengine.

Namba za S na K

Huu ni mtindo wa System V, Unix iliyotolewa na AT&T mwaka 1983, na Linux iliutumia kwa miaka mingi. Skripti zinakaa `/etc/init.d`. Kwenye saraka kama `/etc/rc3.d` kuna viungo tu vinavyoelekeza kwenye skripti hizo, vyenye majina kama `S10network`, `S55sshd` na `S85httpd`. Mashine inapoingia ngazi ya 3 (hali ya kazi ambayo saraka hiyo imepewa), viungo vya K vinaitwa kwa neno `stop`, vya S kwa neno `start`, kwa mfuatano wa majina.

Uzuri wake ni kwamba `ls` peke yake inakuonyesha foleni. Ubaya ni kwamba namba inasema nani anatangulia bila kusema kwa nini. Ukiona hifadhidata iko 64 na programu inayoitegemea iko 85, hujui kama pengo hilo lina sababu au mtu alichagua tu. Debian ilijaribu kuponya hilo kwa kuweka vichwa vya `Required-Start` ndani ya skripti na kuacha namba zihesabiwe zenyewe, jambo lililokuwa la kawaida kuanzia Debian 6.0 mwaka 2011. Halafu kuna lile la umiliki: skripti ya `/etc/init.d` imeletwa na kifurushi, wewe umeihariri, sasisho limekuja. Nani ashinde? Saraka za `/etc/default` za Debian na `/etc/sysconfig` za Red Hat zilibuniwa kupokea vigezo vyako ili skripti yenyewe usiiguse, lakini si kila skripti ilitii.

Usiuchague kwa mashine mpya. Ujue tu, kwa sababu seva za zamani bado zipo na siku moja utaitwa.

systemd: tabaka tatu

systemd, programu ya Linux inayoanzisha na kusimamia huduma, ilitangazwa mwaka 2010. Fedora 15 iliiweka kuwa ya kawaida mwaka 2011, RHEL 7 (Linux ya Red Hat) mwaka 2014, na Aprili 2015 zikafuata Debian 8 na Ubuntu 15.04. Anayechagua Linux ya kawaida leo, basi, ameshaichagua systemd hata kama hakukusudia. Kinachobaki mikononi mwake ni kupanga faili ndani yake, na hapo ndipo watu wanapotofautiana.

Faili za huduma ziko sehemu tatu. `/usr/lib/systemd/system` ni za vifurushi. `/run/systemd/system` ni za muda, zinatoweka mashine ikizimwa. `/etc/systemd/system` ni zako. Faili mbili zikiwa na jina moja, ya `/etc` inaifunika nyingine nzima, haisomwi hata mstari wake mmoja.

Neno "nzima" hapo ndilo linalozaa matatizo. Mtu anataka kubadilisha mstari mmoja wa huduma, ananakili faili yote kwenda `/etc`, anaihariri, kazi inakwenda. Baadaye kifurushi kinasasishwa, watengenezaji wameongeza mistari ya kuibana huduma kiusalama, na mashine hiyo haiipati kwa sababu imeganda kwenye nakala ya zamani. Njia sahihi ni kijalizo: saraka yenye jina la huduma na `.d` mwishoni, ndani yake faili yenye kile tu unachobadilisha. Mfano ni huu wa nginx, seva ya tovuti:

```
# /etc/systemd/system/nginx.service.d/10-mtandao.conf
[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target
```

Ukitumia `systemctl edit nginx`, saraka hiyo inaundwa yenyewe na faili inaitwa `override.conf`. Mimi huona heri kuiandika kwa mkono na kuipa jina linalosema imewekwa kwa ajili gani. Ukikuta `override.conf` ishirini kwenye seva, hujui hata moja ilikuja kutatua nini. Ukiandika kwa mkono, malizia na `systemctl daemon-reload`, la sivyo utakuwa unajaribu toleo la zamani huku unasoma jipya.

Kwa kipimo chetu, silaha ya systemd ni amri mbili. `systemctl cat nginx` inakuonyesha faili ya huduma pamoja na vijalizo vyake vyote, na juu ya kila kipande imeandikwa njia ya faili kilikotoka. `systemd-delta` inaorodhesha kila mahali ambapo mashine imetofautiana na vifurushi vyake. Mgeni akipewa seva asiyoijua, amri hiyo ya pili inampa historia ambayo aliyeijenga huenda ameshaisahau.

Mitego ipo. `After` inasema foleni tu: kama yule yupo, mimi nianze baada yake. `Requires` inasema hitaji tu: yule asipokuwepo, mimi siendi. Ukiandika `Requires` bila `After`, huduma mbili zinaanzishwa kwa pamoja, na siku mashine ikiwa na mzigo, inayotegemea inaanguka kwa sababu mwenzake hajawa tayari. Andika zote mbili. Mwingine ni `ExecStart`: kwenye kijalizo, mstari wako hauchukui nafasi ya ule wa awali, unaongezwa chini yake, na systemd inakataa huduma ya kawaida yenye amri mbili za kuanzia. Lazima uandike kwanza `ExecStart=` tupu ya kufuta iliyopo, kisha mstari wa pili wenye amri yako.

Mtego unaochosha zaidi ni wa `network.target`. Jina linamfanya mtu adhani mtandao uko tayari, kumbe linamaanisha tu kwamba programu inayosimamia mtandao imeshaanzishwa. Huduma inayohitaji anwani iwe imepatikana kweli iisubiri `network-online.target`. Nayo ina gharama yake: ukitumia systemd-networkd, subira hiyo inaweza kufika sekunde 120. Seva yenye kadi mbili zilizoandikiwa mipangilio, moja haina kebo, inakaa dakika mbili kila inapowashwa bila kosa la maana kuonekana. Dawa ni kuandika `RequiredForOnline=no` chini ya `[Link]` kwenye faili ya kadi isiyo na kebo.

Na ikiwa mtu amekosea herufi? Kwa kawaida huduma moja inagoma, nyingine zinaendelea, na SSH, njia ya kuingia kwa mbali, bado inafunguka. Hapo systemd inaishinda `rc.conf` waziwazi. `systemd-analyze verify` hukuonya makosa mengi hata kabla hujawasha upya.

OpenRC na runit, kwa ufupi

OpenRC, inayotumiwa na Alpine na Gentoo, iko katikati: skripti ziko `/etc/init.d`, vigezo vyake `/etc/conf.d`, na orodha ya zinazowashwa ni viungo ndani ya `/etc/runlevels/default`. Utegemezi unaandikwa kwa maneno, `need net`, si kwa namba. Aliyezoea System V ataielewa asubuhi moja. runit, unayoikuta Void Linux, ni ndogo zaidi: kila huduma ni saraka yenye faili iitwayo `run`, na kuiwasha ni kuweka kiungo. Zote mbili zinasomeka vizuri, ila programu kubwa za seva huja na faili ya systemd, hizi itabidi mara nyingine uandike mwenyewe.

Mtandao ndani ya Linux

Kwenye BSD, mtandao na uwashaji ni nyumba moja. Linux imevitenganisha, ndiyo maana hata ukishaamua systemd bado unalo swali la pili: nani ataishika kadi?

Mkongwe ni ifupdown wa Debian, ambao mtindo wake unatumika pia kwenye Alpine. Faili yake ni `/etc/network/interfaces`:

```
auto eth0
iface eth0 inet static
    address 192.0.2.10/24
    gateway 192.0.2.1
```

Inasomeka na yeyote. Lakini haina kumbukumbu ya ilichokifanya kama unavyotarajia: ukihariri faili kwanza kisha ukaandika `ifdown`, amri hiyo inasoma mipangilio mipya, na baadhi ya vitu vya zamani vinaweza kubaki vimeng'ang'ania kwenye kadi. Shusha kadi kwanza, hariri, kisha ipandishe. Na kwenye Debian kuna jambo la skripti zinazoendeshwa kadi inapowaka, zile za `/etc/network/if-up.d`. Ukiweka humo skripti ya kuongeza njia ukaiita `njia.sh`, haitaendeshwa, na hutaona kosa lolote. Programu ya `run-parts` inayoziita inakubali majina yenye herufi, tarakimu, kistari na mstari wa chini pekee; nukta imekataliwa. Iite `njia`, ipe ruhusa ya kuendeshwa, itafanya kazi. Watu wamepoteza jioni nzima kwa nukta hiyo.

NetworkManager ni ya kompyuta mpakato: mtandao usiotumia waya, VPN, kebo inayochomekwa na kuchomolewa. Kwenye RHEL imekuwa pia ya seva. Zile faili za zamani za `ifcfg-eth0` zimeachwa nyuma. Kuanzia RHEL 9 ya mwaka 2022, mipangilio mipya inaandikwa `/etc/NetworkManager/system-connections`, kila muunganisho na faili yake ya `.nmconnection`. Ukiiandika kwa mkono, iwe mali ya root (msimamizi mkuu) na ruhusa zake ziwe 600, la sivyo inarukwa. Kisha `nmcli connection reload`. Kasoro yake kwa mgeni ni kwamba jina la faili si lazima lilingane na jina la muunganisho lililo ndani, wala na jina la kadi. Kwa hiyo `ls` haikuambii kila kitu, na aliyezoea OpenBSD atanung'unika.

systemd-networkd inafaa seva zisizohamahama. Faili zinakaa `/etc/systemd/network`, na kila moja inaanza kwa kusema inamhusu nani:

```
[Match]
Name=enp3s0

[Network]
Address=192.0.2.10/24
Gateway=192.0.2.1
```

Netplan, iliyoanza kuwa ya kawaida kwenye Ubuntu 17.10 mwaka 2017, haishiki kadi yenyewe. Ni mkalimani: inasoma faili za YAML (mtindo wa kuandika mipangilio unaopangwa kwa nafasi) kutoka `/etc/netplan`, kisha inawaandikia networkd au NetworkManager faili ndani ya `/run`. Maana yake unachokiona `/run` ni kivuli, ukikihariri kitafutwa. YAML yenyewe inaumiza kichwa kwa nafasi zake, na kitufe cha Tab hakiruhusiwi kabisa. Lakini ina amri moja inayonifanya niisamehe mengi: `netplan try` inaweka mipangilio mipya na kukusubiri sekunde 120 ubonyeze Enter. Ukiwa umejifungia nje, huwezi kubonyeza, na mashine inarudia mipangilio ya zamani.

Kwenye mashine za wingu angalia faili iitwayo `50-cloud-init.yaml`. Aliyeiandika ni cloud-init, programu inayoandaa mashine ya wingu inapowashwa, na anaweza kuiandika tena. Mabadiliko yako ama yakae kwenye faili nyingine, ama umwambie cloud-init aache mtandao.

Nani anashinda faili zikigongana

Watu wengi wamezoea kuanza jina la faili kwa 99 wakiamini ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Si kila mahali.

| Mahali | Sheria |
|---|---|
| Vijalizo vya systemd | inayosomwa mwisho inashinda |
| `/etc/netplan` | zinaunganishwa. Ya baadaye inaipiku ya kabla |
| `/etc/sysctl.d` (vigezo vya kiini cha mfumo) | ya mwisho inashinda |
| faili za `.network` za networkd | ya kwanza inayolingana na kadi inashinda, nyingine haziangaliwi |

Mstari wa mwisho ndio unaouma, hasa kwenye Ubuntu. Netplan inazalisha faili kama `/run/systemd/network/10-netplan-enp3s0.network`. Ukiweka ya kwako `/etc/systemd/network/99-lan.network`, haitasomwa kamwe kwa kadi hiyo, maana 10 inatangulia. Ukiiita `05-lan.network`, yako inashinda na Netplan inabaki imeandika maagizo yasiyotekelezwa. Atakayekuja baada yako atahariri `/etc/netplan` mchana kutwa bila kuona mabadiliko.

Hapa msemo wa mafahali wawili hawakai zizi moja unafaa bila kuongezwa chumvi. Kadi moja, msimamizi mmoja. Dalili za wawili ni njia kuu mbili kwenye jedwali la njia za mtandao, `resolv.conf` (faili ya seva za DNS, zinazotafsiri majina) inayobadilika yenyewe, au anwani inayopotea saa kadhaa baada ya kuwasha, muda wa anwani iliyotolewa na DHCP (huduma ya kugawa anwani) unapokwisha. `networkctl list` na `nmcli device status` zitakuonyesha: upande mmoja kadi iandikwe `unmanaged`. Pande zote mbili zikiidai, chagua mmoja na umzime mwingine kabisa.

Neno moja juu ya majina ya kadi. Tangu systemd 197, mwaka 2013, majina kama `enp3s0` yanatokana na mahali kadi ilipochomekwa. Ni bora kuliko bahati nasibu ya `eth0` na `eth1`, ila kuongeza kifaa kingine ndani ya kasha kunaweza kuyasogeza. Kwenye seva yenye kadi zaidi ya moja mimi hutumia faili ya `.link` inayotambua anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi) na kuipa kadi jina la kazi yake, `lan0` au `wan0`. Usifanye hivyo kwenye mashine pepe zinazonakiliwa, kwa sababu nakala inapewa MAC mpya na faili haitaitambua.

Vipi kuhusu rc.local?

Ni skripti ya zamani ya amri za mwisho wa uwashaji. Kwenye mifumo mingi bado inafanya kazi, hata chini ya systemd, mradi faili iwe na ruhusa ya kuendeshwa, ila matoleo mapya ya systemd yanaiacha. Ni nzuri kwa jaribio la leo. Kwa kudumu haifai: haina foleni, haijui kusubiri, na hakuna amri ya kuuliza ilifanya nini na kwa ajili ya nani. Mistari mitatu ya humo inaandikika kama huduma ndogo ya systemd kwa dakika tano.

Sasa chagua

Seva moja au mbili, msimamizi mmoja, kazi isiyobadilika: FreeBSD na `rc.conf` yake, au Debian na `interfaces`. Utakachopoteza kwa makosa ya nukuu utakifidia kwa kusoma mashine nzima kwenye skrini moja, bora tu uwe na konsoli.

Ruta au ukuta wa moto: OpenBSD. Sioni sababu ya kubishana hapo.

Seva nyingi zinazosimamiwa na zana: systemd pamoja na networkd, kwa vijalizo vyenye majina yanayoeleweka. Hoja si umaarufu wake. Ni kwamba kila zana inaandika faili yake, na kuondoa kitu ni kufuta faili hiyo. Kufuta faili hakukosewi. Kutafuta mstari ndani ya faili ya pamoja kunakosewa kila siku.

Kompyuta mpakato iache kwa NetworkManager. Ubuntu ya wingu iache kwa Netplan, hata kama YAML huipendi, kwa sababu kuikwepa kunaleta ule ugomvi wa 05 na 99. Kontena na vifaa vidogo, Alpine na OpenRC.

Na kama seva zako tayari zinafanya kazi kwa mtindo wowote ule, usizihamishe kwa ajili ya urembo. Weka `/etc` chini ya git (programu ya kutunza historia ya faili) kwa kutumia etckeeper, inayorekodi mabadiliko kabla na baada ya kila usakinishaji wa vifurushi, na utapata jibu la "nani aliandika hili" bila kubadilisha mfumo.

Ikibidi kuhamisha msimamizi wa mtandao kwenye seva ya mbali ya systemd isiyo na Netplan, jiwekee `netplan try` yako. Andika skripti ndogo, tuseme `/root/rudisha`, inayorejesha faili za zamani mahali pake, kumwasha tena msimamizi wa zamani na kuwasha mashine upya. Ipange iende yenyewe kabla hujagusa chochote:

```
systemd-run --unit=rudisha --on-active=10min /root/rudisha
```

Fanya mabadiliko. Fungua kikao kipya cha SSH, si kile ulichokuwa nacho, maana cha zamani kinaweza kuendelea kupumua hata njia ya wageni ikiwa imekufa. Kikipita, `systemctl stop rudisha.timer`. Kisipopita, subiri dakika zitimie na ujaribu tena.